Jinsi ya kutengeneza matundu ya hewa ya boneti ya pikipiki ya theluji kwa gharama ndogo

Joto linalobaki chini ya boneti humaliza kabla ya wakati wake mkanda wa klachi, yaani ule unaopeleka nguvu ya injini kutoka klachi ya mbele hadi ya nyuma. Bomba la ekzosi la injini ya mipigo miwili hufikia mamia ya nyuzi za joto, nalo limepita karibu kabisa na klachi, nyaya na boksi la hewa ambalo injini huvutia hewa yake. Mkanda wenyewe nao huzalisha joto kila unapobanwa na kuteleza kidogo kati ya sahani za klachi. Hewa hiyo ya moto isipopata pa kutokea huzunguka humo humo, mkanda unalainika, unaanza kuteleza zaidi, na kuteleza kunaongeza joto jingine.

Matundu ya kununua ni ghali kwa kitu ambacho ukikifungua unakuta ni kipande cha wavu ndani ya fremu ya plastiki. Mtu mwenye drili, jigso na tupa anaweza kutengeneza mawili kwa siku moja. Kukata si kazi ngumu. Ugumu ni kujua ukate wapi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla msumeno haujagusa boneti.

Jambo moja liwe wazi mapema. Kama taa ya joto la injini inawaka kwenye mashine inayopozwa kwa maji, matundu ya boneti hayatakusaidia. Maji hayo hupozwa na vipozaji vilivyo chini ya kiti, vinavyorushiwa theluji na mnyororo wa mpira unaoisukuma mashine. Ukipita kwenye barafu ngumu au njia iliyoshindiliwa, theluji hairuki na joto linapanda. Dawa yake ni vijiti vya kukwaruza barafu au kuingia kwenye theluji laini mara kwa mara. Matundu tunayozungumzia hapa ni kwa ajili ya mkanda, klachi, vifaa vya umeme na plastiki ya boneti yenyewe.

Pima kabla ya kukata

Bila vipimo vya mwanzo hutajua kama kazi yako imesaidia. Endesha kilomita 10 hivi kwa mwendo wako wa kawaida, simama, zima injini, chomoa ufunguo, subiri klachi zisimame kabisa, kisha fungua boneti. Pima kwa kipima joto cha miale sehemu nne: uso wa klachi ya nyuma, ubavu wa mkanda, upande wa ndani wa boneti juu ya bomba la ekzosi, na mdomo wa boksi la hewa. Andika pia joto la nje.

Kipima joto cha miale hudanganywa na alumini inayong'aa. Klachi yenye nyuzi 90 za Sentigredi inaweza kusoma 40. Paka doa dogo la rangi nyeusi isiyong'aa kwenye uso wa nje wa klachi, mbali na njia ya mkanda, na upime hapo kila mara. Usibandike tepu, maana itarushwa injini ikishika kasi.

Asiye na kipima joto atumie kiganja, tena kwenye klachi ya nyuma tu, kamwe si kwenye bomba. Ukiweza kukiacha kiganja pale bila shida, klachi zako ziko salama na huenda huhitaji tundu lolote upande huo. Ukilazimika kuondoa mkono papo hapo, endelea kusoma. Lakini kagua kwanza kama klachi ya mbele na ya nyuma ziko kwenye mstari na kama mkanda una urefu na ukazaji sahihi. Mkanda uliokaa upande huchemka hata ukiendesha bila boneti kabisa, na matundu yataficha tatizo kwa muda tu.

Hewa inataka kutokea wapi

Makosa mengi huanzia hapa. Mtu anakata tundu mbele kabisa ya boneti ili upepo uingie, kisha anashangaa joto halishuki. Hewa haiwezi kuingia mahali ambapo hakuna hewa inayotoka. Mashine nyingi tayari zina nafasi za kutosha za kuingizia hewa kutoka chini na pembeni. Kinachokosekana ni njia ya kutokea, juu na nyuma ya bomba au upande wa klachi. Ukiwa na nafasi ya tundu moja tu, lifanye la kutolea.

Hewa ya chini ya boneti hutoka pale ambapo nje kuna shinikizo dogo. Kwa kawaida ni kwenye mbavu za boneti, yaani pande zake za kushoto na kulia, nyuma tu ya sehemu ile iliyotanuka zaidi. Chini ya kioo cha mbele ni kinyume chake: upepo unarundikana pale na kusukuma kuingia. Tundu la hapo linafaa kuingiza hewa safi, si kutoa ya moto.

Maumbo ya boneti hutofautiana, kwa hiyo jaribu kwa nyuzi. Kata uzi wa sufu vipande vya milimita 100, vibandike kwa tepu ya karatasi kila baada ya milimita 80 kwenye eneo lote unalofikiria, halafu mtu akurekodi kwa simu kutoka pembeni ukipita kwa kilomita 40 hadi 60 kwa saa. Uzi uliolala ukielekea nyuma unaonyesha upepo unashika uso wa boneti. Uzi unaochezacheza, unaoinuka au kugeukia mbele uko mahali ambapo upepo umeachana na uso, na kwenye mbavu za boneti hapo ndipo panapofaa kutolea.

Anayetaka uhakika zaidi atengeneze kipimo cha shinikizo. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ukunje uwe na umbo la U kwenye kipande cha ubao, utie maji ya kuoshea kioo yasiyoganda, yale yenye rangi. Ncha moja ya mpira iache chini ya boneti. Nyingine ipeleke nje hadi mahali unapopachunguza, izibe, toboa kitundu cha milimita 1 ubavuni mwa mpira karibu na ncha hiyo, na uubandike ukiwa umelala kufuata mwelekeo wa upepo, kitundu kikitazama nje. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa nguvu yote ya upepo ni sawa na kama milimita 20 za maji, hivyo tarajia tofauti ya milimita chache tu na urekodi kwa kamera, usikodolee macho ukiendesha. Maji yakipanda upande wa mpira unaotoka nje, nje kuna shinikizo dogo kuliko ndani: kata hapo. Yakishuka upande huo, tundu la pale litaingiza theluji.

Chunguza upande wa ndani

Geuza boneti uangalie mbavu za kuimarisha, bawaba, taa na mahali pa kufungia. Usikate ubavu wa kuimarisha, wala usikaribie ukingo, bawaba au taa kwa chini ya milimita 25. Kisha weka madonge ya udongo wa kuchezea watoto juu ya vifaa vilivyo chini ya eneo ulilochagua, funga boneti, fungua, na pima unene wa udongo uliobaki. Acha angalau milimita 20 kati ya tundu na kitu chochote kinachozunguka au kutikisika, na milimita 30 kutoka kwenye bomba la ekzosi. Injini imekaa juu ya raba na husogea ukifungua mafuta ghafla, kwa hiyo nafasi unayoiona mashine ikiwa imezimwa ni kubwa kuliko utakayokuwa nayo njiani.

Angalia pia boksi la hewa linavuta kutoka wapi. Tundu la kutolea likikaa mbele ya mdomo wake, injini itavuta hewa ile ile ya moto uliyoitoa.

Vifaa vya matundu mawili

Ukubwa mzuri wa kuanzia ni milimita 75 kwa 150. Hilo ni eneo la sentimita 112 za mraba, lakini wavu wa mbu wa alumini hupitisha hewa kwenye theluthi mbili tu ya eneo lake, na wavu wa nailoni wenye macho madogo hupitisha chini ya hapo. Kwa hesabu ya haraka chukulia nusu. Anza kidogo, kwani kulitanua tundu ni kazi ya nusu saa, na kulipunguza ni kazi ya kutafuta boneti nyingine.

Utahitaji: wavu wa alumini au chuma kisichoshika kutu, mita 0.3 kwa 0.3, wavu wa nailoni wenye macho ya chini ya nusu milimita, ukubwa huo huo, kwa matundu yaliyo mbali na bomba tu, bati la alumini la unene wa milimita 1.5 au karatasi ya plastiki ya ABS ya milimita 3 kwa fremu, bolti 20 za M4 zenye nati za kujifunga na washa pana 40, au ribiti za milimita 4, silikoni isiyo na harufu ya siki, tepu ya karatasi, kadibodi, msasa namba 80 na 180. Tepu ya foili inayostahimili joto inafaa kuwa nayo kwa upande wa bomba.

Njia ya bei ndogo zaidi ni vifuniko vya duara vya alumini vinavyowekwa kwenye dari za nyumba kupitisha hewa, vya kipenyo cha milimita 50 au 75. Unatoboa kwa msumeno wa drili wa kukata matundu ya duara, unasukuma, unafunga. Vitatu kwa mstari vinapendeza na havihitaji fremu. Hakikisha tu vijimbavu vyake vinatazama nyuma, na bandika wavu upande wa ndani. Vya plastiki usiviweke upande wa ekzosi.

Tafuta alama ya aina ya plastiki ndani ya boneti. ABS hukubali gundi. PP na TPO hazishiki gundi wala silikoni, kwa hiyo tegemea bolti peke yake. Isipokuwa na alama na ukiona nyuzi za kioo upande wa ndani, hiyo ni faibaglasi.

Kukata na kufunga

1. Ondoa boneti na uilete kwenye chumba chenye joto kwa saa kadhaa. Plastiki iliyoganda hupasuka chini ya jigso. Kama haiwezi kutoka, funika injini yote kwa shuka na uzibe mdomo wa boksi la hewa kwa kitambaa, kisha ukikumbuke kitambaa hicho kabla ya kuwasha.

2. Kata kiolezo cha kadibodi chenye pembe za mviringo, nusu kipenyo kisiwe chini ya milimita 10. Pembe ya mraba ndiyo mwanzo wa ufa. Baridi ikishuka na boneti ikitikisika, nyufa zote hutokea hapo.

3. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili za boneti, chora kwa kiolezo juu ya tepu, na upime mara ya pili kutoka ndani. Kwa tundu la upande wa pili geuza kiolezo kifudifudi, yaani uso wa juu uwe chini, ili yafanane.

4. Toboa kila pembe kwa biti ya milimita 20, ukiwa umeweka kipande cha mbao nyuma. Hapo pembe zako za mviringo zimeshajitengeneza.

5. Unganisha matundu hayo kwa jigso. Kwa plastiki tumia wembe wa meno madogo na mwendo wa polepole. Ukienda kasi plastiki inayeyuka na kujiunganisha tena nyuma ya wembe, na utadhani umekata. Kwa faibaglasi tumia wembe wa kukatia chuma wa meno madogo, barakoa ya vumbi inayobana uso, miwani na glavu, huku ukinyunyizia maji. Vumbi lake huwasha ngozi na halifai kabisa kuingia mapafuni.

6. Lainisha kingo kwa tupa, msasa 80, halafu 180. Kwenye faibaglasi paka rezini kwenye ukingo wote uliokatwa, la sivyo maji yataingia kati ya tabaka, yagande na kuzitenganisha.

7. Tengeneza fremu yenye upana wa milimita 20 kuzunguka tundu. Toboa matundu ya bolti kila baada ya milimita 40 hadi 50, lakini ya fremu yawe milimita 5, si 4. Plastiki ya boneti hunywea kwenye baridi zaidi ya alumini: kwa fremu ya milimita 150, kutoka karakana yenye nyuzi 20 hadi nje kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, tofauti inafikia zaidi ya nusu milimita. Usipoiachia nafasi hiyo, boneti itapasuka kwenye bolti moja baada ya nyingine.

8. Kata wavu uzidi tundu kwa milimita 15 kila upande. Wa macho madogo uwe nje, wa nguvu uwe ndani kuushikilia. Wengi huweka kinyume kwa sababu wavu wa nguvu unaonekana imara, matokeo yake theluji inajaa kwenye macho yake makubwa na kushindiliwa. Juu ya wavu mwororo theluji huteleza. Upande wa ekzosi tumia chuma peke yake, nailoni itanyauka.

9. Jaribisha kwa bolti nne za pembeni bila silikoni, rudisha boneti, ifunge, na urudie kipimo cha udongo. Ukiridhika, paka silikoni uzi mwembamba kama boneti ni ABS au faibaglasi, funga bolti zote ukiweka washa pana upande wa plastiki, na ukaze hadi washa ikae tu. Kukaza kupita kiasi kunaikandamiza plastiki, na mwezi ukipita bolti zinalegea.

Ukitumia ribiti, pima kwanza jumla ya unene wa boneti, wavu, fremu na washa, kisha soma kwenye boksi la ribiti unene unaoshikwa. Ribiti fupi huonekana imeshika mezani na hung'oka kwenye matuta ya kwanza. Kwa sisi bolti ni bora, kwani wavu utachakaa na utataka kuubadilisha.

Umalizie kwa kubandika tepu ya foili ndani ya boneti kuzunguka tundu lililo upande wa bomba. Usiondoe sponji ya kuzuia sauti ili kupata nafasi. Matundu tayari yanaongeza kelele, na maeneo mengi yana kikomo cha sauti kwa mashine hizi.

Kabureta na plagi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoweza kukugharimu injini. Kama boksi la hewa linavuta kutoka chini ya boneti, sasa linapata hewa ya baridi zaidi, na hewa ya baridi ni nzito. Kila nyuzi 10 zinaposhuka karibu na sifuri, uzito wa hewa unaongezeka kwa takriban asilimia 3.5, wakati jeti ya kabureta inapitisha petroli ile ile. Mchanganyiko unapungukiwa petroli, pistoni inapata joto kupita kiasi, na kwenye injini ya mipigo miwili mwisho wake ni pistoni kukwama kwenye silinda.

Baada ya kufunga matundu endesha umbali mfupi ukiwa umefungua mafuta hadi mwisho, zima injini bila kuiacha ikiunguruma, na utoe plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Ikiwa nyeupe au ina chembechembe za alumini, usiendelee. Panda jeti kubwa zaidi kwa hatua moja na ujaribu tena. Mashine za sindano ya mafuta zenye kihisio cha joto la hewa hujirekebisha zenyewe, ila hakikisha kihisio hicho hakikai mbele ya tundu jipya huku injini ikivuta hewa kutoka kwingine.

Kwa injini inayopozwa kwa feni, hakikisha tundu la kutolea halijakaa mahali ambapo feni itainyonya tena hewa iliyotoka.

Yanayojitokeza baadaye

Mkanda unateleza asubuhi au baada ya kupita theluji laini yenye kina: unga wa theluji umeingia upande wa klachi, ukayeyuka na kulowesha mkanda. Endesha polepole dakika chache ukauke, na uwe na kifuniko cha tundu hilo kwa siku za theluji nyingi. Kipande cha plastiki kinachoshikwa na bolti mbili kinatosha. Gundi ya velkro huachia kwenye baridi, kwa hiyo ukiipenda velkro ifunge kwa ribiti.

Wavu umefunikwa na barafu baada ya kupumzika: mvuke wa ndani umegandia pale. Upige kwa kiganja ukiwa na glavu. Ukikwangua kwa kisu utauchana.

Miwani inafanya ukungu ukienda polepole: tundu la kutolea liko juu mno, karibu na kioo cha mbele. Ukinusa na moshi, simama. Viungo vya ekzosi vinavuja, na gesi ya sumu ya kaboni monoksidi iliyokuwa ikitokea chini sasa inakujia usoni. Badilisha gasketi na kagua springi za bomba kabla ya safari nyingine.

Joto limeshuka kwa nyuzi tatu au nne tu ukilinganisha na vipimo vya mwanzo, joto la nje likiwa lile lile: tundu haliko penye shinikizo dogo. Kulitanua hakutasaidia. Lizibe kwa tepu, rudia nyuzi za sufu, na ulitafutie mahali pengine.

Unapoisafirisha mashine kwenye trela, funika matundu yote. Mwendo wa barabarani husukuma chumvi na tope la theluji moja kwa moja kwenye klachi, na kutu ya sahani za klachi hula mkanda mpya ndani ya safari chache.